Abiria wa Desemba, Shuka Chimala

 

Wiki hii mvua za kwanza zimegusa Nyanda za Juu Kusini, na mimi nikisikia hivyo huwa situlii. Nimezaliwa chini ya milima ile, upande wa Usangu. Najua siku hizi kule vumbi limelala, mpunga unaandaliwa vitalu, na juu mlimani wingu limeshuka hadi kiunoni. Huku mjini nako shule zinakaribia kufungwa, watu wameanza kuulizana nauli ya Njombe, ya Mbeya, ya Tukuyu, ya Sumbawanga. Tiketi za Desemba zinagombaniwa. Jioni hii nina maneno na wewe uliyekwisha kuikata yako, na wewe unayeitafuta bado.

Tumezoea kuambiwa kwamba hifadhi za taifa zina msimu wake, na msimu huo ni kiangazi, Juni mpaka Oktoba. Sababu yake ni ya kweli kabisa. Kiangazi nyasi ni fupi, majani yamepukutika, maji yamebaki mitoni na kwenye mabwawa machache, na wanyama hawana budi kusogea hapo. Unakaa ndani ya gari, dereva anazima injini, simba huyo hapo. Anayetaka kumwona mnyama mkubwa aende kiangazi, simpingi.

Lakini huo ni msimu wa jicho la aina moja. Nchi hii ina jicho jingine, nalo hufumbuka mvua zikinyesha. Angalia kalenda yetu sisi wenyewe: likizo ndefu ya watoto ni Desemba. Ndugu hukutana Desemba. Harusi, mahari, kujenga makaburi ya wazee, Krismasi, yote Desemba. Mwezi ambao Watanzania wengi kuliko miezi yote wako barabarani kwenda kwao ndio mwezi ambao maua ya nyanda za juu yanafunguka. Tunapita chini yake ndani ya basi, pazia limeshushwa, tunaangalia filamu.

Basi twende safari hiyo pamoja, nikuoneshe.

Umetoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi. Morogoro imepita. Unaingia Mikumi, na barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Hapa kila mtu ana shingo dirishani, hata aliyekuwa amelala. Desemba usitegemee kundi kubwa la tembo kando ya lami kama la Septemba, maana maji sasa yako kila mahali na wanyama wametawanyika. Tafuta vitu vidogo. Tafuta swala pala wenye watoto ambao bado miguu inawacheza. Tazama rangi ya nyasi. Kama ulipita hapa mwishoni mwa Oktoba utakumbuka vilima vilivyokuwa na miombo yenye majani mekundu, mengine ya rangi ya shaba, kabla tone la mvua halijaanguka. Miti ile haingoji mvua. Mizizi yake ina maji ya chini, na majani machanga hutoka mekundu kwanza, kisha huwa kijani. Wakulima wa kule wakiuona wekundu huo wananoa majembe.

Baada ya Mikumi unashuka kuelekea bonde la Ruaha Mkuu, na hapo nakuomba ufungue pazia. Kuna kipande kizima cha njia ambacho watu hukiita bonde la mibuyu. Kiangazi mibuyu husimama mitupu, matawi kama mizizi, na kila mtoto amehadithiwa kwamba mti ule ulipandwa kichwa chini. Mvua zinapokaribia na kuanza, inavaa majani na kutoa maua. Sasa niulize: sote tumekula ubuyu, ule mwekundu wa kwenye karatasi, midomo ikawa kama ya mpiga tarumbeta. Ua la mbuyu umewahi kuliona? Ni jeupe, kubwa kama kiganja, linaning'inia kwa kikonyo kirefu likitazama chini. Hufunguka jua likizama, na kesho yake limeanza kunyauka. Wanaolihudumia ni popo, wanaokuja usiku kwa ajili ya utamu wake na kuondoka na chavua manyoyani. Ubuyu wote tuliokula utotoni ulipitia usiku mmoja wa namna hiyo. Abiria wa mchana hutaliona likifunguka, lakini basi likisimama Ruaha Mbuyuni watu washuke kununua vitunguu, angalia chini ya mbuyu ulio karibu. Maua yaliyodondoka yatakuwa pale, yamegeuka rangi ya kahawia.

Na ule mto wenyewe unaopita hapo Ruaha Mbuyuni, ushike kichwani. Nitaurudia.

Kitonga tunapanda, Iringa tunakula, Mafinga tunapita kwenye misonobari ya kupandwa ambayo sina la kusema juu yake leo. Makambako. Halafu nchi inafunguka upande wa kulia kuwa tambarare ya Usangu, na upande wa kushoto unasimama ukuta wa milima. Konda anaita, "Chimala! Chimala wapo?" Mmoja wawili wanashuka na mabegi. Basi linaondoka kwenda Mbeya.

Msikilizaji, mimi nimepita Chimala mara zisizo na hesabu nikienda na kurudi shule, na sikuwahi kujua nini kiko juu ya ukuta ule hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kutoka Chimala kuna barabara inayoparamia mlima kwenda Matamba. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa sababu ndiyo hesabu ya kona zake. Gari linapanda likijikunja, masikio yanaziba, mashamba ya mpunga yanakuwa vipande vya vioo kule chini, na kabla hujajua umeshaingia nchi ya baridi. Nguo uliyopandia haitoshi mwili tena. Watu wamevaa makoti na kofia za sufu. Mashambani ni viazi mviringo, ngano na pareto. Hapo ni Makete, nchi ya Wakinga, na mbele yako ni uwanda wa Kitulo, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone.

Mwingereza mmoja aitwaye Frederic Elton alipita huko mwaka 1877, akashangaa sana alichokiona, akafa mwishoni mwa mwaka uleule akiwa Ugogo. Kwa muda mrefu ramani ziliuita uwanda ule kwa jina lake. Watu wa pale walikuwa na jina lao, na ndilo lililodumu: Bustani ya Mungu.

Mwaka 2005 bustani hiyo ikawa Hifadhi ya Taifa Kitulo, kilomita za mraba zipatazo 413, na hutajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutangazwa hifadhi ya taifa kwa sababu ya mimea yake. Fikiria hilo kidogo. Nchi iliyozoea kulinda tembo na faru iliamua kulinda maua. Aina za mimea zilizoandikwa pale ni zaidi ya 350, na kati ya hizo 45 ni okidi.

Namba hizo ukizisikia redioni ni namba tu. Ukweli wake unaupata ukisimama pale mwezi wa pili. Uwanda hauna miti. Ni nyasi tu mpaka macho yanapoishia, zimeinuka na kuinama kama mawimbi, na ndani ya nyasi kuna manjano, zambarau, waridi, nyeupe, na yale maua marefu mekundu kwa machungwa yanayosimama mabondeni kama mienge iliyowashwa. Ukungu unapita. Ukishapita, rangi nyingine iko pale ambapo mara ya kwanza hukuiona.

Na hayaji yote kwa pamoja. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, Kitulo ni baridi na ukungu, asubuhi nyasi zina barafu nyeupe juu yake. Septemba na Oktoba jua lipo, ni wakati mzuri wa kutembea kwa miguu, lakini maua ni haba. Mvua zikianza Novemba yanatoka yale mafupi, yanayotangulia kabla nyasi hazijarefuka na kuyafunika. Desemba mambo yamepamba moto, na yanaendelea hivyo hadi Aprili, kundi moja likisinyaa na jingine likiinuka. Kwa hiyo aliyekwenda Krismasi na aliyekwenda Pasaka wakikutana wakasimuliana, kila mmoja atamwona mwenzake muongo.

Siri yao iko ardhini. Mengi ya maua hayo yana kiazi au kitunguu chini ya udongo. Baridi ikija, moto wa nyika ukija, sehemu ya juu inakufa na mwenye mali analala chini akingoja. Nimekwisha kuona mahali palipoungua pakabaki peusi tii, na wiki chache baada ya mvua ya kwanza pametobolewa na vidole vya kijani kila hatua.

Okidi ndizo zinazotaka subira. Mtu akisikia okidi anafikiria yale maua makubwa ya hotelini. Nyingi za Kitulo husimama kwenye nyasi, nyingine hazifiki gotini, na ukiwa ndani ya gari hutaziona kabisa. Lazima ushuke, lazima uiname, magoti yalowane. Nikufundishe jambo moja nililofundishwa na askari wa hifadhi, maana lilinifungua macho. Ukikuta ua la okidi pale, lizunguke ulitazame kwa nyuma. Kama lina mikia miwili inayoning'inia, uko na jamii inayoitwa Satyrium. Kama lina kofia kama ya mtawa na mkia mmoja, uko na Disa. Ndani ya nusu saa watoto wangu walikuwa wanabishana, "Huyu miwili! Huyu mmoja!" Mmoja wa hao Disa wanasayansi wamempa jina Disa ukingensis. Ukinga umo ndani ya jina hilo, na mtu anayelisoma Berlin au London analazimika kuitaja nchi ya Wakinga, ajue asijue.

Juu ya maua kuna ndege, nao wana kalenda yao. Kuna mbayuwayu wa buluu, mdogo, mweusi ukimwona kwa mbali, jua likimpiga anang'aa kama chuma kilichosuguliwa. Ni ndege adimu duniani. Huja nyanda hizi wakati wa mvua kuzaa, na hujenga kiota ndani ya mashimo ya ardhini, yakiwamo yale yaliyochimbwa na muhanga akitafuta mchwa. Mvua zikiisha huondoka kwenda upande wa Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya, kungoja zamu yake tena. Anayemfuata kiangazi Kitulo atakuta mashimo matupu. Kuna pia tandawala, ndege mkubwa wa kutembea nyasini, ambaye dume likitaka jike hujaza hewa kifuani hadi anakuwa mpira mweupe unaoonekana kutoka kilima cha pili.

Sasa niseme jambo ambalo ni gumu kwangu. Okidi za Kitulo zina adui, na adui huyo ni chakula.

Vile viazi vya chini, ambavyo Nyanda za Juu watu wengi huviita chikanda au kinaka, huliwa. Zambia, hasa kwa Wabemba, ni chakula cha zamani chenye heshima. Viazi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga zilizosagwa na pilipili, hupikwa vikaganda, kisha hukatwa vipande kama mkate. Nimekila. Ni kitamu, na sitamdharau mtu kwa chakula cha mama yake. Ila ulaji ulitoka vijijini ukaingia mijini, sokoni, kwenye harusi. Okidi za kwao zikapungua, na wanunuzi wakavuka mpaka kuja kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi vinavyotoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia vinafika mamilioni kwa mwaka.

Ubaya wake ni huu. Okidi hizo kwa kawaida huwa na viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimenywea, kimeshatumika kulisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu, ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukiacha kile cha zamani kwa sababu hakina unga, anachukua kipya. Ua la leo linabaki limesimama, unapita unadhani lipo. Mwakani halipo. Na mbegu ya okidi si kama ya maharage. Ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, haioti mpaka ikutane na kuvu maalumu kwenye udongo wa kuilisha. Ukilichimba shamba la okidi leo, huwezi kununua mbegu ukalirudisha.

Mchimbaji mwenyewe mara nyingi ni mama au kijana wa kijiji kilicho kando ya hifadhi, anayelipwa kwa debe na mtu wa kati ambaye ndiye anayepata. Mimi simwiti mwizi. Namwona mtu ambaye ua lililo hai halijawahi kumpa shilingi, na lililochimbwa linampa. Na hapa ndipo narudi kwako wewe mwenye tiketi ya Desemba. Watalii wa kiangazi wanaokuja kwa ndege wanakwenda Serengeti na Ngorongoro. Kitulo iko mbali na njia yao, na msimu wake si msimu wao. Mgeni ambaye Matamba inaweza kumtegemea mwezi huo ni mwenyeji wa Mbeya, wa Njombe, wa Makambako, na abiria wa Dar es Salaam anayepita pale chini hata hivyo. Akilala usiku mmoja, akala viazi na kuku kwa mama ntilie, akamlipa kijana mmoja wa pale amwongoze, kijana huyo ana sababu ya kujua ua lipi liko wapi na kulikuta mwakani.

Kitulo si nyasi peke yake. Upande mmoja inashuka ndani ya msitu wa Livingstone, na humo anaishi kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa upande wa Rungwe walimjua tangu zamani, jina ni lao. Wanasayansi walimpata mwaka 2003, na uchunguzi wa vinasaba ukaonesha kwamba ni jenasi mpya kabisa ya kima, jambo ambalo halikuwa limetokea Afrika tangu mwaka 1923. Walipohesabiwa, idadi iliyotangazwa mwaka 2008 ilikuwa 1,117, na wote wako Tanzania. Usiende ukitegemea kumwona. Ni mwenye haya, anakaa juu mitini, na sauti yake ya ajabu, nusu kubweka nusu honi, ndiyo utakayoisikia kama una bahati.

Sasa ule mto niliokwambia uushike. Maji yanayotiririka kwenye vijito vya Kitulo, yanayopita kati ya maua yale, yanashuka Usangu na kuuingia Ruaha Mkuu. Ndiyo yanayonywesha mpunga wa Mbarali, yanakwenda Mtera kwenye bwawa la umeme, yanapita Ruaha Mbuyuni pale uliponunua vitunguu, yanakwenda Kidatu, yanaingia Rufiji. Taa iliyokuwa inawaka nyumbani kwako ulipokuwa unafunga begi ina sehemu yake kwenye nyasi zile. Nyasi na udongo wa Kitulo hunywa mvua ya miezi sita na kuitoa polepole.

Kwa atakayekwenda, haya machache. Ofisi ya hifadhi iko Matamba. Pitia hapo, lipa kiingilio cha raia, omba mwongozaji. Jitahidi uwe uwandani asubuhi, kwa sababu mchana ukungu na mvua huja bila kubisha hodi. Koti la mvua, sweta nzito, viatu vya kutembelea tope; sandali utajuta. Na niseme kweli, barabara wakati wa mvua ni mateso. Kuna mwaka gari tulilokodi liliteleza kwenye moja ya zile kona na tukasukuma hadi giza likatukuta. Ulizia hali ya njia Chimala kabla hujapanda, na kama mvua imekesha, ngoja kidogo ikauke. Ua usilichume, hata moja, hata mtoto akilia. Lipige picha ukiwa umepiga magoti.

Jana usiku jamaa yangu wa Matamba kanipigia. Simu zake siku hizi hazianzi na salamu. Kaniambia upande walikochoma Septemba pamechipua, na yale madogo ya manjano yameanza kutokeza kando ya njia, ya kuhesabika bado. Mbayuwayu kawaona wawili. Kisha akaniuliza nitapanda lini, na niende na wangapi, ili mkewe aweke viazi. Nimemwambia tarehe 27 Desemba, tuko saba.